Penye Masizi Ndipo pa Taa

Jirani wa kwanza alibisha hodi baada tu ya magharibi. Buibui kajitanda haraka haraka, mguu mmoja kandambili na mwingine kiatu cha kutokea, na swali lake likamtangulia mlangoni: "Nani aolewao?"

Sikumwelewa. Nikamkaribisha, akaingia huku macho yakizunguka kutafuta masinia, wageni, harufu ya udi, chochote. Hakuona kitu. Mama alikuwa ameketi msanani, ule ukumbi wa ndani, akichambua mchele. Dada yangu yuko Mombasa na ana watoto watatu. Mimi mwenyewe nimeshaolewa na nimeshaachika, jambo ambalo mtaa mzima wa Mkomani unalijua kuliko ninavyolijua mimi. Basi nani?

Kumbe ni taa. Mchana ule nilikuwa nimezungusha taa mia mbili za kumetameta kwenye daka letu, ule ukumbi wa mlangoni, kuanzia juu ya mlango hadi kwenye baraza zote mbili, na zilipowaka jioni kichochoro kizima kikawa kama kimevaa mkufu. Nikasimama nje nikajisifu. Nilichosahau ni kwamba Lamu taa za namna ile zina maneno yake. Zikiwa mlangoni, ni harusi. Zikiwa msikitini na njiani, ni Maulidi. Na ilikuwa Juni 2019, mfungo mosi, mwezi ambao harusi zote zilizongoja Ramadhani ipite huanza kumiminika. Usiku ule walikuja watu watano. Wa mwisho alikuja na sukari kilo mbili, na hata tulipomweleza alikataa kurudi nayo.

Mama hakunigombeza. Alingoja wote waondoke, akasema, "Sasa kaizime arusi yako, mwanangu, tulale."

Niliupata wapi ujinga huo? Uswidi.

Niliishi Göteborg miaka sita, nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni mji wa bandari, magharibi ya nchi, karibu digrii 58 kaskazini ya ikweta. Sisi Lamu tuko digrii mbili na ushei kusini yake, na baina ya mchana wetu mrefu kabisa na ule mfupi kabisa tofauti ni kama robo saa. Mtu huzeeka hapa asijue kwamba ipo. Kule, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa tatu kasoro dakika chache asubuhi na kuzama saa tisa na nusu hivi alasiri. Na hilo "kuchomoza" ni neno la heshima tu. Jua lenyewe hupita chini chini, likiambaa mapaa ya nyumba kama mtu anayemkwepa mdai wake, na siku nyingi hata hivyo hulioni, ni mawingu matupu.

Mwenye kusali ndiye aujuaye vizuri mchana huo. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya saa tatu na nusu. Ukichelewesha chakula cha mchana umeshaingia usiku. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliingia kazini giza, nikatoka giza, na jua nililiona kupitia dirisha la chumba cha kufulia mashuka. Kufikia Januari nilikuwa silii wala sicheki, nalala kwa muda wa saa kumi na nikiamka nimechoka vilevile. Daktari akanipa vidonge vya vitamini D, maana wakati wa baridi jua la kule liko chini mno ngozi isiweze kuitengeneza, na ngozi nyeusi kama yangu huhitaji jua jingi zaidi hata likiwapo. Akaniambia pia nitoke nje kila siku mchana, mvua isiwe sababu.

Nimewasikia watu wakizisifu taa za mapambo kana kwamba ni tiba ya hali ile. Si tiba. Taa wanazokalishwa watu wenye huzuni ya majira ya baridi hutoa mwanga wa luksi 10,000, mtu hukaa mbele yake asubuhi kama nusu saa, na mwanga ule huingia machoni ukauambia mwili kwamba kumekucha. Taa ndogo za dirishani hazifiki hata karibu. Kazi yake ni nyingine, na mimi niliiona nikiwa nimesimama kituo cha basi.

Ilikuwa mwisho wa Novemba. Inapofika Jumapili ya kwanza ya Adventi, ya nne kabla ya Krismasi, karibu kila dirisha la mtaa huwashwa. Kuna nyota za karatasi zenye glopu ndani. Kuna na kinara cha mishumaa saba ya umeme, imepangwa kama paa la nyumba, wa kati ndio mrefu. Kinara hicho kilibuniwa hukohuko Göteborg katika miaka ya 1930, na siku hizi utakikuta hata ofisini na kwenye nyumba za watu ambao kanisani hawajulikani. Hakipepesi, hakibadili rangi. Huwaka tu, mwanga wa njano uliotulia, hadi katikati ya Januari. Mimi nilinunua changu nikakiweka dirishani, nikarudi kuketi, na ndipo nilipoona kwamba nimekaa nyuma yake. Nauona waya, naiona plagi, nauona ubao uliopigwa rangi upande mmoja tu. Uso wake uko nje, kwa yule anayepita kwenye theluji na mfuko wa maziwa.

Nilirudi nyumbani Machi 2019, kaskazi ikimalizikia, jua la kukausha samaki kwa siku moja. Kinara nilikibeba kwenye nguo, na Mombasa nikapitia dukani nikachukua nyuzi kadhaa za taa, nikidhani ni za Ramadhani na Idi tu. Mambo ya giza nilijua nimeyaacha uwanja wa ndege.

Kisha ikaingia masika, na nyuma yake kusi.

Anayekuja Lamu Desemba hajui habari ya Mei. Bahari huchafuka, madau yakafungwa, hoteli nyingi zikafunga milango, na mvua ikashuka kama iliyolipwa. Na nyumba zetu za kale, pamoja na uzuri wake wote, ni nyumba za kukimbia jua. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mkono ukiunyoosha dirishani hadi kiwiko bado umo ndani ya ukuta. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haizidi mita tatu kwa uzito wa dari ile. Mtaani nyumba haitazami. Mwanga wote huingilia kiwandani, ule uwazi wa katikati, ukapita msana wa tini, yaani wa chini, ukapita msana wa yuu, yaani wa juu, ukafika ndani kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukiwa umechoka kama msafiri.

Sasa kaka yangu, Mungu ambariki, alimhurumia mama aliyekuwa akirowa kila akivuka kwenda ngazini, akakiezeka kiwanda kwa mabati. Mvua ikakoma kuingia. Mchana nao ukakoma. Niliporudi nilimkuta mama saa tano asubuhi amewasha taa apate kuona tundu la sindano, na taa yenyewe ni glopu moja nyeupe katikati ya dari, ya ule weupe unaoelekea ubuluu, ambayo boksi lake huandikwa kelvini 6500. Kila mtu akiwa chini yake huonekana kama ametoka hospitali.

"Mato yangu hayaitaki taa hiyo," mama aliniambia. "Yaniwaka."

Nilidhani ni lalama za uzee. Baadaye tulipompeleka akapimwe ikaonekana ana mtoto wa jicho, na mtu wa jicho hilo mwanga mkali unaompiga usoni humtawanyikia, akaona ukungu badala ya kitu. Kwa hiyo kila alipolalamika kwamba haoni, sisi tulikuwa tukimwongezea glopu. Jambo hilo hunichoma mpaka leo.

Basi katika Ramadhani ile nikaamua nitaiangaza nyumba kama nilivyoona kule. Nikaanza na kinara. Plagi yake ni ya pini mbili za mviringo, soketi zetu ni za pini tatu za bapa, nikatafuta adapta. Kikawaka vizuri majuma saba. Mishumaa yake imeungwa kwa mfuatano, kila kiglopu volti 34, mara saba ni 238, ndiyo stima ya ukutani. Ukifa mmoja, wote wamekufa. Ulikufa mmoja. Kiglopu cha namna ile Lamu hakuna, Malindi hakuna, Mombasa waliniangalia kama ninayeuliza jino la papa mweupe. Kinara kiko mpaka leo juu ya sanduku, mama hutundika tasbihi zake kwenye mshumaa wa kati.

Nyuzi za taa nikataka kuzitandaza kwenye dari, boriti baada ya boriti. Nilianza kwa gundi ya karatasi. Ukuta wa chokaa hauna urafiki na gundi. Inashika unga wa chokaa, si ukuta, na usiku wa kwanza waya wote ulituangukia futarini, mwisho wake ndani ya bakuli la uji wa pilipili manga. Nikahamia misumari. Msumari ukiupiga kwenye plasta ya zamani hutoka kipande cha ukubwa wa sahani, nami nilitoa vipande viwili kabla mama hajaninyang'anya nyundo. Mwishowe fundi akafunga kamba ya katani kwenye boriti zenyewe, taa zikapita juu yake. Tukawasha.

Ilikuwa mbaya. Sijui niseme vipi. Taa zote mia mbili ziko, kila boriti inaonekana, na chumba kimekuwa kama kibanda cha chipsi. Mama alikaa akatazama juu kwa adabu, kwa kuwa nimehangaika. "Zitu zingi," akasema.

Ndipo nikazitoa nje, na ile habari ya harusi mmeisikia.

Zikarudi ndani, safari hii nikazizungusha kwenye mlango wa chumba cha mama. Na hapa niseme kuhusu kile kidude cha plastiki kilicho kwenye kichwa cha waya, chenye kitufe. Ukibonyeza, taa hubadili mchezo: zinakimbizana, zinazima na kuwaka, zinabadili rangi. Mchezo wa nane ndio wa kutulia. Nikabonyeza mara saba, zikatulia, nikashukuru. Lakini kidude kile hakina kumbukumbu. Stima ikikatika ikarudi, huanza tena kutoka mwanzo. Na Lamu wakati wa kusi stima hukatika. Tumetoka mbali, nakiri; kabla ya mji kuungwa na gridi ya taifa tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya dizeli na kila nyumba ilikuwa na kandili iliyo tayari. Hata hivyo upepo ukivuma, hukatika.

Saa tisa za usiku, mama yuko kwenye tahajudi, giza totoro, amesujudu. Stima ikarudi. Chumba kizima kikalipuka wekundu, kijani, buluu, wekundu, kijani, buluu. Mimi niliamka kwa sauti yake akinyanyua takbiri juu kuliko kawaida. Alimaliza rakaa zake zote ndani ya disko ile, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akaniita kwa jina langu kamili, na jina la baba, na la babu.

Asubuhi yake ndiyo niliyojifunza kitu.

Nilikuwa nimekubali kushindwa, nikisafisha tu, maana tulikusudia kupaka chokaa mvua ikipungua. Nikawa naondoa sahani za kichina kwenye zidaka za msanani, nikizipangusa moja moja. Katika kidaka kimoja cha pembeni, kilicho usawa wa kifua changu nikiwa nimesimama, niliona doa kwenye tao lake la juu. Rangi ya chai ya rangi. Nikalisugua, halikutoka. Nikalikwangua kidogo kwa kijiko. Chini ya chokaa ile doa limekolea zaidi, na chini yake ni jeusi kabisa. Masizi. Chokaa imepakwa juu yake sijui mara ngapi, na kila mara yamerudi kujitokeza.

"Mama, kidaka hiki kimeungua?"

Akaja taratibu, akaingiza mkono ndani ya kidaka bila kutazama, kama mtu anayetia mkono mfukoni mwake. "Hapo ndipo pa kandili ya babu yako. Ndoo, ndoo uone na nyingine."

Akanipeleka ngazini. Kwenye mzunguko wa ngazi, chini, karibu na goti, kuna kidaka kidogo ambacho maisha yangu yote nilikuwa nikiweka kandambili. Juu yake, doa. "Hapa pa koroboi." Nyumba nzima, masizi yako mahali pachache tu, na hakuna hata mahali pamoja palipo katikati ya dari. Yote yako pembeni, na yote yako chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama au sawa nayo. Ndani ya kidaka ambacho kimepakwa chokaa nyeupe pande tano, mwale mmoja wa utambi hugonga nyuma, ukagonga ubavu, ukatoka mbele umepanuka. Moto wenyewe huuoni. Unaona ukuta unaong'aa. Na mimi niliyetoka na digrii 58 zangu nilikuwa nafunga glopu kwenye boriti.

Siku ileile nikanunua vipande vya waya wa taa visivyo na kidude wala kitufe, vya rangi moja, ile njano ya kelvini 2700. Kipande kimoja nikakikunja ndani ya kidaka cha babu, nyuma ya sahani kubwa ya buluu, waya ukashuka kwenye kona. Kingine kidaka cha ngazini. Glopu ya dari nikaizima. Macho yalichukua dakika moja kuzoea, kisha chumba kikaja. Nakshi za plasta, zile ambazo mchana huzioni kwa sababu mwanga wa kiwanda unazipiga usoni, zilitoa vivuli vyake kimoja kimoja, kila ua na jani lake. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi, akanyoosha kidole: "Lile la kati limevundika." Kweli, lilikuwa na ufa. Yeye mwenye mtoto wa jicho ndiye aliyeuona.

Ngazini ndiko kwenye faida iliyo kubwa zaidi, ingawa haina urembo wa kupiga picha. Ngazi za nyumba hizi ni za mwinuko mkali, kila kipandio na urefu wake. Taa ya juu humtupia mtu kivuli chake mwenyewe kwenye kipandio anachotaka kukanyaga. Taa ya gotini haimfanyii hivyo. Tangu tuiweke mama hashuki tena akipapasa ukuta.

Halafu nikamwita fundi, tukashusha mabati mawili ya kiwandani, mahali pake tukaweka yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Ningeanza na hilo, ningejiokolea nusu ya hangaiko. Kununua taa ya mchana ilhali umelifungia jua nje kwa bati ni kama kununua maji ya chupa ukiwa umekaa juu ya kisima. Na chokaa mpya. Ukuta uliofifia hunywa mwanga.

Kuhusu gharama, maana najua ndilo swali. Kila waya wangu una transfoma ndogo iliyoandikwa wati 6. Ukiwasha kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima hauli hata yuniti moja ya tokeni, ile stima ya kulipia kabla. Glopu ya zamani ya wati 60 kwa saa hizohizo hula yuniti tisa. Kinachokula pesa ni kununua tena, kwa sababu ya chumvi. Hewa ya kusi hapa ni chumvi tupu. Waya wa kwanza ulizima baada ya miezi minne, na nilipoifungua plagi yake shaba ilikuwa imevaa kutu ya kijani kama ndevu. Sasa sehemu za kuungia, zile za upande wa transfoma wenye volti ndogo, fundi huzipaka grisi nyembamba, na taa ambazo hazitumiki nazihifadhi kwenye kopo lililofungwa pamoja na mfuko mdogo wa mchele. Volti ndogo ndizo ninazoziamini kwa nyumba yenye mtoto na mzee. Ekstensheni siipitishi chini ya mkeka; niliwahi kuishika moja ikiwa ya moto kama chapati, na hakuna aliyeiona kwa sababu ilikuwa imefunikwa. Kwenye makuti sitii kabisa, hata kama boksi limeandikwa nini.

Rangi ya njano ina fadhila nyingine. Mvua za kwanza zinapotoa kumbikumbi, taa nyeupe huwakusanya mpaka sakafu inakuwa mbawa tupu. Za njano huja wachache. Mijusi ya nyumbani ililalamika, sina la kuwafanyia. Na ndugu zangu wa Shela ambao nyumba zinatazama ufuo, taa za upande wa bahari zizimeni. Vitoto vya kasa vikianguliwa huufuata mwanga vikidhani ni bahari, vikaishia mchangani.

Doa la mwisho nililiona peke yangu. Ilikuwa Julai, chokaa mpya tayari imepakwa, nimekaa dakani jioni nasubiri mkate wa mofa. Kwenye ukuta wa daka, kushoto ya mlango, upande wa ndani kidogo usiofikiwa na mvua, kuna tundu dogo la mraba ambalo watu huweka bilauri. Chai ya rangi ilikuwa imeshaanza kujitokeza juu yake.

Nikamuuliza mama kama na hapo palikuwa na taa. Akasema palikuwa na kibatari, kikiwashwa magharibi na kuzimwa watu wakishatoka isha. Kilikuwa cha nani, maana nyumbani hakuna aliyekuwa akikaa nje saa hizo? Akashangaa swali. "Cha wapitao."

Nilinyamaza. Kinara changu kilikuwa juu ya sanduku, kimejaa tasbihi.

Basi nikaweka pale taa moja. Moja tu, haipepesi, haina rangi. Hakuna aliyekuja kuuliza nani anaolewa. Kichochoro chetu kina kona kali mbele kidogo, na mfereji wa maji machafu uliovunjika mfuniko, na punda hulala popote apendapo. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Wiki ya pili mtoto wa jirani akaja kusomea juzuu yake kwenye baraza. Mzee mmoja anayerudi isha na bakora akaanza kupumzika pale, dakika mbili tatu, kisha huondoka bila kubisha. Mimi huwa nasikia bakora tu: tak, tak, kimya, tak.

Usiku mmoja wa Agosti nilikuwa na homa, nikalala tangu alasiri. Bakora ikaja, ikasimama. Kimya kikawa kirefu. Kisha mlango ukagongwa, kwa ile ncha ya bakora.

"Hodi! Leo taa haiwaki. Kwema humo?"

Mama akajibu kutoka ndani kabisa, kwa sauti ambayo nadhani hata mtaa wa Langoni waliisikia:

"Kwema, baba! Tokeni zimekwisa!"